Kona Isiyo na Mwenyewe

Jirani yetu Lukia anasema gari lilimchagua yeye. Anasema alikuwa amekaa kibarazani akichambua maharage, akalisikia linapanda, akainua macho, na gari nalo likainua macho yake mawili ya kioo likamtazama. Kisha likawatazama watu wa juu, likawatazama watu wa chini, likaguna, likaacha barabara kwa hiari yake na kuja kwake polepole kama mgeni aliyelelewa vizuri. Ukimwuliza dereva alikuwa anafanya nini wakati huo, atakujibu kwamba dereva alikuwa abiria tu kama abiria wengine.

Hilo la dereva ni kweli. Hayo mengine siwezi kuyaapia, ingawa nilikuwa ndani ya gari hilo hilo, kiti cha mbele, nimening'inia kwenye usukani pamoja na huyo dereva.

Kijiji chetu kiko juu ya Hedaru, kwenye njia ya kwenda Myamba. Gari tuliachiwa na mchungaji wa Kizungu alipomaliza kazi yake akarudi kwao. Ni kombi refu la Kimarekani, lina tumbo kama ng'ombe mwenye mimba, usukani wake uko kushoto, na viti vyake vya nyuma tulivitoa zamani vikawa viti vya ofisi ya kijiji. Mchungaji alisema gari liwe mali ya wote. Mwenyekiti wetu, Mzee Bartholomeo, akafurahi sana, maana wakati ule kila kitu kilikuwa kinatafutwa kiwe mali ya wote, na hiki kimejileta chenyewe.

Dereva alipatikana Hedaru, anaitwa Swalehe. Ni mtu mwembamba, nadhifu, anafunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni hata jua likiwa la kupasua mawe. Alipoanza kazi tulimpenda kwa sababu ya kona. Barabara yetu ni kona tupu, na Swalehe alizikata kwa kidole kimoja huku mkono wa pili unatoa salamu dirishani. Kina mama walikuwa wakisema dereva yule ana nguvu zilizojificha.

Kumbe nguvu hazikuwa zake. Siku moja gari lilipiga kelele pale Hedaru sokoni kama mbuzi anayevutwa sikio, likanyamaza, na tangu hapo usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Swalehe alitueleza huku anajifuta jasho kwa leso. Ndani mna pampu, pampu inasukuma mafuta, na mafuta ndiyo yanayomsaidia dereva kuzungusha stelingi.

"Pampu imekufa," akasema. "Sasa nazungusha gari zima kwa mikono hii mnayoiona."

Tukaiangalia ile mikono.

Fundi wa Same alifungua, akachungulia, akafunga. Pampu ya namna hiyo haipo Same, haipo Moshi, labda iagizwe huko huko lilikozaliwa gari. "Lakini linatembea," akasema ili kumfariji. "Shida yake ni kona tu."

"Bwana fundi," Swalehe akamjibu, "toka Hedaru mpaka kule juu hamna kitu kingine zaidi ya kona."

Ushauri haukukosekana. Mjomba wangu Clemence, kaka yake mama, alisema limiminiwe mafuta ya nyonyo, maana ndiyo yaliyomfungua ng'ombe wake aliyekuwa amekaa wiki nzima bila kwenda haja. Yakamiminwa. Gari likanuka, likatoa povu, kona halikukata. Baba yangu, Mzee Aminieli, akasema mafuta yale yamekosea njia, yangenywewa na Swalehe. Baba na mjomba ni mashemeji, tena wote wawili ni mabalozi wa nyumba kumi, baba wa nyumba za chini na mjomba wa nyumba za juu. Akisema mmoja, mwingine lazima aongeze chumvi.

Watu walicheka. Mimi sikuwa na nafasi ya kucheka, kwa sababu ya mashine.

Ngoja nieleze. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikabaki nyumbani, na mgongo wa mama ukachagua mwaka huo huo kuharibika. Tangu hapo anayebeba mahindi kwenda kusaga Hedaru ni mimi. Debe kichwani, kushuka ni asubuhi nzima, kupanda na unga ni adhabu ya mtu aliyefanya kosa kubwa. Nikifika tunakula, unga unakwisha, nashuka tena. Shingo yangu imeingia ndani. Mama anakataa, lakini kola za magauni yangu zinashuhudia, siku hizi zinanigusa masikio.

Sasa kijiji kikapata mashine ya kusaga, yetu wenyewe, mpya, na injini yake. Ikaletwa mpaka ghalani Hedaru. Mtunza ghala akatuma salamu: ichukuliwe kabla masika hayajaanza, la sivyo anawapa watu wa Lembeni, nao wameshakuja mara nyingi kuipapasa. Mashine ile haibebeki kichwani. Haipandi bila gari, na gari halikati kona. Nilikuwa nikiiwaza hata kanisani, na Mungu anisamehe, niliiwaza zaidi wakati wa mahubiri.

Mzee Bartholomeo akaitisha mkutano. "Ndugu wananchi," akasema, "gari ni la wote. Kama gari ni la wote, basi na kona ni za wote."

Akatugawia. Kwetu Upareni kazi ya wote huitwa msaragambo. Ndivyo tunavyozibua mifereji na kutengeneza ndiva zetu za kukusanyia maji ya mashamba: mbiu ikilia kila nyumba inatoa mtu, na asiyetokea hukamatiwa kuku wake. Safari hii mbiu itakuwa honi. Kila balozi atashughulikia kona zinazopita mbele ya nyumba zake. Gari likifika kwenye kona litasimama, litapiga honi, watu watatoka, watashika bampa, watainua pua ya gari na kuigeuza inakotakiwa, na Swalehe atasaidia kwa stelingi kadiri atakavyojaliwa.

"Na nikijaliwa kidogo?" Swalehe akauliza.

"Utapewa makande," akajibu Mwenyekiti.

Baba aliwafanyisha watu wake mazoezi kwa kitanda cha mama. Mama mwenyewe alikuwa juu yake, mgongo unamwuma, na alikataa kushuka, kwa hiyo walimwinua hivyo hivyo wakamgeuza mara kushoto mara kulia, naye akitoa amri. Ikafika mahali kitanda kikawa kinakata kona vizuri kuliko gari lilipokuwa zima. Mjomba Clemence alipita njiani, akasimama kutazama.

"Shemeji," akasema, "dada yangu sikukupa umfanye tairi."

"Na mimi sikukuomba unipe mwenye mgongo mbovu," akajibu baba. "Wewe umefanya mazoezi gani?"

"Watu wangu hawahitaji mazoezi. Wanakula."

Siku yenyewe nilikuwa Hedaru tangu asubuhi, nimekwenda kusaga. Nikakuta mashine imeshapakiwa, imekalia mbao mbili ndefu, na milango ya nyuma imefungwa kwa kamba ya katani kwa kuwa mzigo ulikuwa umeizidi. Swalehe akaniona na debe langu.

"Yudith, panda," akasema. "Weka na unga wako. Leo ndiyo mara ya mwisho unausafirisha."

Sijawahi kuambiwa neno tamu kuliko hilo, na nimeshawahi kuposwa.

Tukaanza kupanda. Kona ya kwanza Swalehe akasimama, akapiga honi, watu wakatoka mashambani na matope miguuni, wakashika bampa, wakainua, tukapita. Kona ya pili watu walikuwa wengi na hamu yao ilikuwa kubwa, wakatugeuza mpaka tukawa tunaangalia Hedaru. Swalehe akatoa kichwa dirishani, akawaambia kwa adabu kwamba huko ndiko tunakotoka. Wakaomba radhi, wakatugeuza tena, na mara hii waliimba. Mbele kidogo mzee mmoja alikosa nafasi kwenye bampa, akashika kioo cha pembeni, akabaki nacho mkononi. Tulipoondoka alitupungia nacho.

Tukafika kwenye kona za baba. Watu wake walikuwa wamejipanga kama askari, na mama amewekewa kiti ukingoni ili aone vizuri. Baba akasimama mbele ya gari akitaka kwanza atoe maneno machache kuhusu maendeleo.

"Baba," nikamwambia dirishani, "gari linarudi nyuma."

"Liambie lisubiri," akasema.

Breki ya mkono ya gari lile ilikuwa ya kuombewa. Mama akaona maneno hayatakwisha, akapiga kofi moja kwenye mkono wa kiti, na watu wakakamata bampa bila kumngoja baba amalize sentensi. Wakatuinua na kutugeuza kama kitanda. Kona zake zote tulizipita namna hiyo, na kwenye ya mwisho baba akapangusa mikono, akasema kwa sauti ili asikike mpaka juu, "Vumbi lenyewe halikuruka. Sasa tuone wale wanaokula."

Tukaenda mbele kidogo, tukafika kwenye kona iliyo mbele ya nyumba ya Lukia.

Kona ile ni mbaya. Barabara inajikunja kama mkia wa mbwa aliyechapwa, na pale inapojikunja, ukiacha kukata, unaingia moja kwa moja kwenye uwanja wa Lukia, kati ya migomba na lundo lake la samadi. Swalehe akasimama, akapiga honi. Hakutoka mtu. Akapiga tena. Lukia peke yake akaonekana kibarazani, akatuitikia kwa kichwa kama mtu aliyesalimiwa.

Nikaangalia nyuma. Watu wa baba walikuwa wamekaa chini kwenye majani, wanapumzika, wanatuangalia. Nikaangalia juu. Watu wa mjomba walikuwa wamesimama kwenye kona inayofuata, mikono kiunoni, wanatuangalia.

"Shemeji," baba akaita kutoka chini, "unaitwa huko."

"Naitwa na nani?" mjomba akajibu kutoka juu. "Honi hiyo ni yako. Maliza kazi yako."

"Yangu nimemaliza. Hapo ni kwa Lukia."

"Ndiyo, kwa Lukia. Mtu wako."

"Lukia mtu wangu tangu lini? Huyo ni mtu wako."

"Aminieli, usinitanie wakati watu wana mzigo."

"Nani anatania? Teremka na watu wako walioshiba."

Maneno yakawa yanapita juu ya gari, yanakwenda na kurudi, na sisi katikati tunaanza kurudi nyuma. Swalehe alikuwa amekanyaga breki kwa miguu yote miwili.

"Yudith," akasema polepole, "nikiendelea kukaa hapa tutarudi Hedaru kinyumenyume. Naondoa gari. Shika stelingi tuivute wote."

"Niivute vipi?"

"Vuta kulia kama unamtoa ng'ombe shimoni."

Nikaishika. Nimebeba madebe tangu nimalize shule, mikono yangu si ya mchezo, na Swalehe alikuwa amefungua hata kile kifungo cha shingoni. Akaachia breki, gari likanguruma, tukavuta. Usukani ulisogea kidogo, kiasi cha mtu anayegeuka kitandani, kisha ukagoma. Barabara ikaenda kulia. Sisi tukaenda mbele.

Hatukwenda kwa kasi, hapo Lukia hasemi uongo. Tulikwenda kwa mwendo wa mtu anayeingia matangani. Tukapita migomba, ikatupapasa pande zote mbili. Kuku wakatupisha. Pua ya gari ikapanda lundo la samadi, ikapanda, ikapanda, mpaka mimi na Swalehe tukawa tunaangalia mawingu. Hapo injini ikazimika, na huko nyuma nikasikia kamba ya katani inakatika.

Mashine iliteremka kwenye mbao zake taratibu, kama mtoto anayeteleza kwenye mwamba. Tulipotoka kuangalia, tuliikuta imekaa wima katikati ya uwanja, haina hata mkwaruzo, imeelekea mlango wa Lukia. Unga wangu ulikuwa umemwagika wote juu ya samadi.

"Karibuni," Lukia akasema. "Ila mngepiga hodi."

Sasa wakaja mbio. Wale wale ambao honi haikuwainua, wakatoka juu na chini kama wameona nyuki. Baba akafika wa kwanza. Akaizunguka mashine, akaigonga kwa kidole, akatazama nyumba ya Lukia, akatazama barabara, akasafisha koo.

"Basi ni vizuri," akasema. "Imefika kwenye nyumba zangu salama."

"Nyumba za nani?" Mjomba Clemence alikuwa anahema. "Aminieli, hii ni kona yangu."

"Sasa hivi ulisema ni yangu. Watu wote wamekusikia."

"Na wewe wamekusikia ukikataa. Mtu akikataa mtoto haji kudai mahari."

Maana wote waliona kile ambacho mimi nilikiona: mashine ile haibebeki. Ilipokaa ndipo itakapojengewa kibanda, na balozi wa mahali hapo ndiye atakayeshika ufunguo. Baba akasema watu wa chini wana desturi ya kutunza vyombo. Mjomba akasema ndiyo, ameona walivyotunza kitanda. Watu wakagawanyika pande mbili za uwanja, na Swalehe akabaki amekaa kwenye ngazi ya gari lake, anafunga kifungo cha shingoni.

Mzee Bartholomeo akafika, akaelezwa na kila upande kwa wakati mmoja. Akanyoosha mkono wanyamaze, akamgeukia Lukia.

"Mama, swali ni dogo. Wewe ni wa balozi gani?"

Lukia akafikiri.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi ni mjane. Wakija watu wa Aminieli kuniita kwenye msaragambo, huwaambia mimi ni wa Clemence. Wakija wa Clemence, huwaambia ni wa Aminieli. Nimekaa hivyo tangu mlipotugawa, na sijakamatiwa kuku hata mmoja."

Kicheko kilichopigwa hapo sijakisikia tena. Mama, ambaye walikuwa wamemleta na kiti chake, alicheka mpaka akashika mgongo, na akaendelea kucheka akiwa ameushika. Baba na mjomba peke yao hawakucheka. Nyumba za baba zilikuwa kumi, za mjomba kumi, na Lukia alikuwa nyumba ya kumi na moja kila alikohesabiwa.

"Basi chagua sasa," akasema Mwenyekiti. "Mpaka uchague, mashine isiguswe na mtu, tusije tukagombana zaidi."

"Mimi nichague?" Lukia akasema. "Gari limeshachagua. Mimi niacheni nifikirie."

Na ndipo alipoanza hadithi yake ya macho mawili ya kioo.

Gari liligeuzwa jioni ile ile na watu wa pande zote mbili, kila upande ukijitahidi kuonyesha kwamba uwanja ule ni wa nyumbani kwake. Swalehe akashuka nalo akisindikizwa kila kona. Siku hizi analiendesha kwenye barabara kuu tu, Hedaru na Same, ambako mtu anaweza kwenda mwendo mrefu bila kukata kitu, na amerudia kupunga mkono dirishani.

Lukia anafikiria. Watu wa baba walikuja wakamwezekea paa upya. Wiki iliyofuata watu wa mjomba wakampalilia shamba la maharage, wakamchimbia na shimo la choo. Baba aliposikia la shimo akampelekea mbuzi. Mjomba aliposikia la mbuzi akatuma watu wakamjengee banda la huyo mbuzi. Mashine imefunikwa majani ya migomba, na kila anayepita anaambiwa asiisogelee. Baba anashinda pale asubuhi mpaka jioni kulinda haki, na mjomba anashinda upande wa pili kulinda haki hiyo hiyo. Lukia huwapikia uji, wakausifia kwa zamu.

Na mimi nashuka Hedaru na debe langu kichwani. Njia yangu inapita pale pale.

Jana asubuhi nilisimama. Mawingu ya masika yalikuwa yameshakaa juu ya mlima, na njia ya kushuka ilikuwa imeanza kuteleza. Baba alikuwa kwenye kigoda upande wa chini wa mashine, mjomba kwenye kigoda upande wa juu, na Lukia katikati yao na sufuria.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," wakajibu wote watatu.

"Baba, na wewe mjomba, na wewe shangazi Lukia. Mashine ipo. Dizeli ipo ofisini, nimeiona. Mahindi ndiyo haya. Naomba mniwashie nisage hili debe langu moja tu, kisha muifunike, muendelee mlipoishia."

Baba akamtazama mjomba. Mjomba akamtazama Lukia. Lukia akainuka, akakung'uta kanga yake, akauliza kama kuna aliyemwona kuku wake mweusi alikopitia.